Kilio cha Meneja

Ulimi alimchungulia yule fahali kupitia tundu la ukuta, mate yakamjaa mdomoni. Fahali aliitwa Meneja. Wafugaji wote wa mtaa waliwaleta ng'ombe wao majike kupandishwa kwake, na ndivyo alivyomlisha mwenye mali, mjane mmoja aliyeitwa Mama Kamba. Kwa nini Kamba? Ulimi hakuuliza. Mtu mwenye akili nyingi kama yeye hana muda wa kuuliza maswali.

Asubuhi iliyofuata alisimamisha pikapu mlangoni: koti jeupe, miwani, bomba la sindano.

"Shikamoo, mama. Chanjo ya ng'ombe, bure."

"Marahaba, mwanangu. Bure kabisa?"

"Kabisa, mama."

Aliyomdunga Meneja ilikuwa dawa ya usingizi, ile wanayochomwa ng'ombe kabla ya kupasuliwa. Baada ya dakika kumi Meneja alilegeza masikio, akatoa udenda, akapiga magoti, akalala kwa ubavu. Ulimi alivua miwani kwa majonzi.

"Pole sana, mama. Nimechelewa. Amekufa, na ugonjwa wenyewe unaambukiza. Nitampeleka mimi akachomwe moto. Ila tafadhali, kimya. Tumheshimu marehemu."

Mama Kamba aliinama kumfumba macho, akaona mbavu za marehemu zikipanda na kushuka. Hapo ndipo hasira ilipompanda.

"Unaambukiza, eh? Na wewe umemshika. Vua koti, mwanangu. Viatu. Suruali. Vyote vichomwe."

"Mama, mimi ni mtaalamu..."

"Basi niite majirani waje waamue."

Ulimi alivua haraka. Nyama yote ile haiachwi kwa sababu ya suruali. Akiwa na chupi ya maua, aliinama kumfunga Meneja miguu. Kabla hajakaza fundo, Mama Kamba akatoka jikoni na sufuria na mwiko.

"Vya nini hivyo?"

"Vya msiba. Nimlilie."

"Mama, usipige..."

Alipiga. Akalia kwa sauti iliyotikisa mabati. Meneja alifumbua jicho, akainuka akiyumba, akamwona Ulimi.

"Miaka thelathini nilimshikia kamba daktari wa mifugo!" Mama Kamba alimpigia kelele. "Dawa hii inataka utulivu! Hukuambiwa?"

Ulimi alikuwa anaparamia ukuta na Meneja anamsaidia kwa pembe.

Suruali haikuchomwa, na funguo za pikapu zilikuwa mfukoni mwake. Pikapu hiyo sasa inambebea Meneja majani. Mwenyewe akiitaka, aje aeleze aliiachaje. Mama yupo, sufuria ipo, na Meneja siku hizi hasinzii mchana.