Kifundo cha Voliumu Hakina Pepo

Kwa Mwenyekiti wa Kamati,
Kanisani kwetu, Isinya.

Mpendwa Mama Rebecca,

Bwana asifiwe. Nimesikia kwamba mwisho wa mwezi kamati itaninyang'anya mtambo wa sauti na kumpa Melvin, eti kwa sababu spika hulia krrr-krrr katikati ya mahubiri. Miaka tisa nimekaa nyuma ya mtambo ule. Nimeumia, Mama, na siwezi kunyamaza.

Nimeupeleka kwa fundi Macharia kule Kitengela, akaufungua mbele yangu. Ndani ya kifundo cha voliumu mna utepe mweusi uliopindwa kama bangili iliyokatika, na ulimi mdogo wa chuma unaotembea juu yake. Ulimi ukikuta uchafu au pengo, ndipo krrr. Basi wenye makosa ni hawa:

1. Vumbi. Kwaya ya vijana, ya kina Leshan, huimba ikiruka, na sakafu yetu bado ni ya udongo. Naomba waimbie nje, tutawasikia dirishani.

2. Mafuta. Mama Kavutha wa kundi la maombi alisema, "Hii kitu iko na pepo," akakimiminia kifundo mafuta ya upako. Pepo hakutoka kwa kuwa hakuwemo, ila vumbi la namba moja lilipata pa kunata. Namheshimu sana, lakini chupa yake ikaguliwe mlangoni.

3. Kulika. Kati ya alama ya nne na ya saba za kifundo utepe umelika hadi unaonekana mweupe. Chanzo ni Pasta Mwanzia: akinong'ona napandisha, akinguruma nashusha. Naomba ahubiri kwa sauti moja hadi amina. Akishindwa, ayaandike mahubiri, tugawiwe, kila mtu akasome kwake.

Msimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake.

Nisalimie Mzee Katoo, watoto, na ng'ombe walionusurika kiangazi.

Wako katika utumishi,
Mulinge, nyuma ya mtambo (bado).

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii, Jumapili imepita. Ili kuthibitisha maneno yangu, sikukigusa kifundo ibada nzima. Vijana waliruka, mafuta yalikuwemo, Pasta alinguruma, na krrr haikusikika hata mara moja. Kumbe hulia kikizungushwa tu, na anayekizungusha ni mimi. Kusema kweli, kila Pasta anapofika kwa wanaume wa "njoo tukae", wanaoishi na wanawake bila kufunga ndoa, mimi hushusha sauti mpaka apite hapo. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, nilipeleka kwa kina Ndanu wangu zamani, lakini madhabahuni mwenyewe sijawahi kumfikisha, na tuna watoto watatu. Jana Ndanu aliyasikia yote kwa mara ya kwanza, safi kabisa. Tangu hapo ameniambia neno moja tu: "Lini?"

Tafadhali, Mama, tuandikie harusi Jumamosi yoyote ya mwezi ujao. Mtambo mpeni Melvin. Mwambieni tu asikiguse kifundo nitakaposema "nakubali", maana Ndanu anataka kusikia.