Nyuzi Thelathini na Moja

Jumatatu, 16 Februari

Theluji magotini. Bernadine kanipitia na gari lake, kama kila siku. Kazini tunashindana: kila mmoja ameunda modeli ya betri ya gari ndani ya kompyuta, tukisie itapata joto kiasi gani ikichajiwa haraka. Atakayekaribia kipimo cha maabara ataongoza usanifu. Modeli yake inasema nyuzi 52. Yangu 97. Balaa! Hiyo si betri, ni birika.

Nikaenda maabara kuazima kikombe. Fundi Otis hayupo. Karatasi ya jaribio la awali iko mezani, peke yake, inanitazama: 31. Nimeichonga modeli, huku napunguza, kule naongeza, hadi nayo ikasema 31. Si wizi. Ni marekebisho.

Jumanne, 17 Februari

Siku ya paczki, yale maandazi ya jemu ya kabla ya Kwaresima. Nimekula nne. Maabara imetangaza: 31! Kwenye grafu, mstari wangu umelala juu ya mstari wao kama shuka. Bosi wetu, Bi Thorsen, kanipigia makofi, kaamuru mabomba ya kupozea betri yapunguzwe nusu. Bernadine akabisha kwamba hesabu amezirudia mara tatu, kipimo ndicho chenye walakini. Akaambiwa aache kijicho. Kahamishiwa kitengo cha waipa za kioo cha gari. Waipa! Mtu aliyenifundisha kazi. Paczki ya tano nimeirudisha sandukuni.

Jumatano, 18 Februari

Bernadine hakunipitia. Nimetembea, masikio ganzi. Nilikwenda kwake kukiri, na paczki mbili za jana. Akauliza nina shida gani. Nikasema baridi imezidi mwaka huu. Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya aibu. Otis kafungua kifuniko cha betri. Waya wa kipima joto umebanduka! Siku zote ulikuwa unaning'inia, unapima hewa ya sandukuni. Kaubandika, wakachaji upya. 52. Bosi kanigeukia, taratibu kabisa: "Hebu niambie, bwana Lorne. Modeli yako ilijuaje kwamba waya utabanduka?" Nikajibu kwamba modeli nzuri huzingatia mengi. Otis kacheka hadi kakaa chini.

Mabomba yanarudishwa. Bernadine kaombwa arudi, kakataa. Kabla ya kuondoka alitupia jicho modeli yangu ya zamani, ile ya 97, dakika mbili tu. Akasema: "Pampu ya maji ya kupozea hukuiwasha, Lorne. Ungeniuliza tu." Onyo la bosi halikuniuma. Hilo limeniuma.

Jumatatu, 23 Februari

Nimejuta Jumamosi. Nimejuta Jumapili, hata baada ya kanisa. Gari la Bernadine limepita kituoni, halikusimama.

Bosi kanipa nafasi ya mwisho: betri mpya, jaribio Alhamisi. Nimeapa kubadilika. Nimemnunulia Otis gundi, ile kali kuliko zote dukani. Safari hii sikurupuki. Kwanza nahakikisha waya umeshika barabara. Ndipo nanakili.