Dereva Aliyeingia Kumbukumbu Zisizo Zake

Sogeeni, enyi mliopata kuizima mashine na kuiwasha tena huku mmebana pumzi, mpate habari za vita vya ofisi ya usajili. Naye msimulizi wenu akiri mapema kwamba macho yake yote yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, wala hakuutazama mlango, nao ulikuwa wazi.

Asubuhi hiyo aliinuka Bi Nyaya, fundi wa kompyuta, mpuliza vumbi, asiyetishwa na kioo cha buluu cha kompyuta iliyokata roho. Kila mara skana mpya ilipoamriwa kumeza ukurasa, kompyuta ilizimia, ikiacha wosia wa mstari mmoja: anwani ya kumbukumbu si halali. Bi Nyaya akaivamia kwanza ngome ya vyuma. Akazichomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua kwa kifutio cha penseli kama shujaa anoaye upanga, akazibadilishia matundu. Kompyuta ikazimia vilevile. Ndipo akaiwasha katika hali salama, ile isiyobeba ila programu za lazima, nayo ikatulia tuli. Basi vyuma havikuwa na hatia. Mhaini alijificha miongoni mwa programu. Akazirudisha moja moja, hata ilipofika zamu ya ile inayoiongoza skana, ambayo mafundi huiita dereva, mashine ikaanguka kifudifudi.

Bi Nyaya akasimama, akatangaza kwa sauti ya mshindi: "Nimemkamata. Dereva ndiye mharibifu. Anaingia kwenye kumbukumbu zisizo zake, anaandika juu ya mambo ya wenzake. Leo namwondoa."

Maneno hayo yakatoka mlangoni, yakampata katibu muhtasi, naye akayafikisha kwa mkurugenzi yakiwa mazima. Mkurugenzi alikuwa na chumba cha kumbukumbu chenye kitasa kibovu, na dereva mmoja tu. Hakuhitaji ushahidi zaidi. Mjomba, nahodha wa gari la ofisi, mkwepa mashimo, akaamriwa akabidhi funguo kabla ya saa sita na asirudi tena.

Akapita kwa Bi Nyaya, kofia mkononi.

"Mwanangu, nasikia wewe ndiye uliyenikamata. Hicho chumba cha kumbukumbu mimi hata taa yake sijui inawashiwa wapi."

Bisibisi ikamdondoka Bi Nyaya. Akamshika Mjomba mkono, wakapanda ngazi mbio, na mbele ya meza kuu akahutubu:

"Mkuu, dereva niliyemtaja hana miguu wala leseni, ni programu, imekuja na skana. Huyu hapa hajawahi kugonga hata ndoo. Kama unashuku, shuka ushuhudie hukumu."

Mkurugenzi akashuka, na jeshi zima la ofisi nyuma yake. Bi Nyaya akaing'oa programu ile mpaka mizizi, akaweka toleo lililoitangulia. Skana ikameza ukurasa, ikanguruma, ikautema. Kompyuta haikuzimia, ikabaki imesimama wima. Makarani wakapiga makofi kama watu waliokombolewa.

Mjomba akainama kwenye kioo. "Na huyu dereva wa sasa, mna hakika naye?"

"Ni toleo la zamani, Mjomba, kama wewe. Halina papara."

Mkurugenzi akacheka peke yake kwanza, kisha akamwomba radhi Mjomba mbele ya wote, na funguo zikarudi mikononi mwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo, katika ofisi ile, programu ya namna hiyo huitwa kiendeshi, na dereva ni Mjomba peke yake.