Muhuri wa Sungura Juu ya Mbwa

Drogo hakuwa mwizi, tuelewane hapo mapema. Mwizi huvunja mlango. Drogo alifunguliwa mlango, akavutiwa kiti, akala, na alipoondoka na vyako ulimsindikiza mwenyewe mpaka njiani ukimpungia mkono.

Siku hiyo alikuwa kwa mfua kengele wa Lincoln, anapekuapekua chungu ya shaba kuukuu iliyongoja kuyeyushwa, ndipo akauona muhuri. Mdogo kama dole gumba, umechorwa sungura kampanda mbwa wa mawindo, anapuliza pembe. Pembezoni jina: Serlo wa Haltoft. Na ulikuwa mzima! Mtu akifa muhuri wake hupigwa nyundo, usije ukaendelea kufunga ahadi wakati mwenyewe yuko kaburini.

"Huu umeupata wapi?" aliuliza, kama mtu asiyejali jibu.

"Kauza mchuuzi mmoja katoka ng'ambo. Unautaka? Ninunulie pombe."

Drogo akanunua pombe, na hapo hapo kilabuni akanunua na habari. Serlo, mfanyabiashara wa sufu, alikwenda kuhiji kwa Mtakatifu Yakobo, Galisia, miaka mingi nyuma, hakurudi. Ila kabla ya safari aliwaachia watawa wa pale bondeni kasha la vikombe vya fedha, wasimpe kiumbe yeyote ila atakayekuja na muhuri wake. Kama alikuwa na mke, Drogo hakuuliza. Mjanja huyu masikio yake yalifunguka penye fedha tu.

Tena alikuwa na elimu yake. "Nionyeshe muhuri wa mtu," alipenda kujigamba, "nikwambie moyo wake." Mwenye simba anamwogopa mkewe. Mwenye njiwa ana kesi na jirani. Na mwenye sungura juu ya mbwa? Huyo ni mcheshi, mtani, mtu wa vicheko! Basi Drogo akafuga ndevu, akavaa kofia pana ya mahujaji, akashuka kwa watawa anacheka toka getini.

Bruda Warin, mtunza hazina, alimkazia macho. "Serlo? Mbona umerefuka?"

"Ungetembea mpaka Galisia na kurudi, Bruda, nawe ungenyooka!" Drogo akajipiga paja kwa kicheko. Watawa wakacheka. Warin akaleta nta ya zamani aliyoigonga Serlo siku ya kuacha kasha, akaubandika muhuri juu yake. Sungura akaingia pahali pake sawasawa, mpaka sikio.

"Sura hubadilika, shaba haibadiliki," akasema Warin, na kasha likaletwa. Kutumia muhuri wa mtu mwingine kulikuwa kosa la kitanzi, na Drogo shingo yake aliipenda mno. Lakini kasha lile pale! Akainama kulibeba.

"Mume wangu!"

Mwanamke mnene, mikono bado ina unga, alikuwa amejaa mlangoni. Habari ya mume kurudi haingoji tarishi. Alimkumbatia Drogo mpaka mbavu zikalia, huku akimnong'oneza sikioni: "Mume wangu alikuwa mfupi kuliko mimi. Mimi Idonea, mkewe. Liwali yuko chumba cha pili anakula. Ukinikana nampigia ukelele. Cheka."

Drogo akacheka. Hakijapata kusikika kicheko kikavu kama kile.

"Na kwa kuwa muhuri bado uko mezani," Idonea akasema kwa sauti, akijifuta machozi ambayo hayakuwapo, "tumalize na lile shauri la kinu cha maji cha kusagia. Bruda Warin, kinu alichoniachia baba umekitamani miaka yote, na sheria ikakuzuia kununua kwa mwanamke mwenye mume pasipo muhuri wa mumewe. Mume huyu hapa, na muhuri huu hapa."

Warin alikaribia kumbusu, akaleta mfuko wa fedha. Drogo akagonga muhuri, na moyo wake ukaanza kupata joto. Kasha la vikombe, mfuko wa fedha ya kinu, vyote vinaelekea nyumba moja ambamo yeye ndiye bwana! Mke anataka kumtumia? Atumie. Akipitiwa na usingizi tu, Drogo yuko barabarani.

Njiani Idonea alimuuliza, "Hivi kwa nini ulikuwa unachekacheka vile?"

"Muhuri wake. Sungura, mbwa... si alikuwa mtani?"

"Serlo? Hajacheka hata siku ya harusi! Alimkuta mchongaji anafunga meza sokoni, akachukua muhuri uliobaki, kwa kuwa ni bei chee. Bahili yule."

Nyumbani Drogo alimkuta mama mzaa Serlo, Bibi Gunnora, kajikunyata kando ya moto. Bibi alimtazama, akaguna, basi. Idonea akaandika pai ya mikunga na pombe kali, akamjazia kikombe, akamjazia tena. "Kunywa, mume wangu, umetoka mbali." Drogo akanywa, akimngoja mwenzake asinzie.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda. Kasha hakuna. Mfuko hakuna. Idonea hakuna, na punda hakuna. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Alikurupuka mpaka mlangoni kupiga kelele za mwizi, akajiziba mdomo. Amwambie liwali nini? Kwamba ameibiwa na mke wa nani?

"Ameshapanda jahazi la kwenda Flanders," sauti ilisema nyuma yake. Ni Bibi Gunnora. "Nilimshauri mwenyewe. Kateseka vya kutosha na mwanangu."

"Mama, mimi..."

"Mama yako nani? Serlo nilimzaa mimi. Unadhani simjui?"

Drogo akapiga magoti. "Nisitiri, bibi yangu. Nitatoka kimyakimya, hutaniona tena."

"Utatoka uende wapi? Liwali ni mtoto wa dada yangu, na jioni anakuja kumwona binamu yake aliyerudi, ambaye hajamwona tangu utotoni. Nikikuita mwanangu ataamini; asipokukuta atakuwinda." Bibi akajifunika vizuri shuka lake, akanyoosha miguu kwenye moto uliokuwa unazimika. "Tangu Serlo aondoke sina wa kunipasulia kuni. Shoka liko nyuma ya mlango."

Drogo alitazama barabara. Akaipapasa shingo yake. Akalichukua shoka.

"Serlo!" bibi akaita kabla hajafika uani. "Ukimaliza, na maji!"

"Naam, mama," akaitikia.