Meno ya Koko Masika

Ndugu zangu, leo nimepata haya ya kunitosha hadi uzee.

Tulikuwa tunamzika muzee wetu, babu yangu. Asubuhi kila mutu alipewa kazi. Wajomba: jeneza na padiri. Binamu: viti na bashi, turubai ya kivuli. Mimi: meno. (Katika familia yetu mimi ndiye msahaulifu, ndiyo maana nilipewa kitu kidogo.)

"Kavira," Tanti Kahindo, binti ya muzee, akaniambia, "hospitali walirudisha meno ya bandia ya muzee. Iko ndani ya kikombe, kule chumbani. Peleka ku morgi mbio, wasimufunge mudomo bila meno. Sitaki papa aende kwa Mungu mashavu imeingia ndani."

Nikaingia chumbani. Kikombe kilikuwa dirishani, maji safi, meno ndani. Nikakifunga kwenye sashe ya plastiki. Sikutafuta zaidi. (Nyumba moja inaweza kuwa na vikombe vingapi vya meno?)

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hapo mtaani kwetu Mabanga.

"Dada, umebeba nini unashika hivyo?" dereva akauliza.

"Meno ya babu yangu."

Akaongeza mwendo hadi tulipofika. Hela yangu aliipokea kwa ncha za vidole.

Papa wa morgi, mutunza maiti, alijaribu, akasukuma, akafuta jasho.

"Muzee wenu alikuwa na mudomo mudogo."

"Amekonda juu ya ugonjwa," nikamjibu kama daktari.

Yakaingia. Nikarudi nyumbani kichwa juu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa kitu na kitu kikafika!

Uani nikamkuta Koko Masika, bibi yetu, mdogo wa muzee, aliyefika jana kutoka Butembo akalala katika chumba kile kile. Huyu mama kwa kawaida anaongea tangu jogoo la kwanza, anakatiza hata sala. Leo alikaa mkekani, kitenge kimeziba mdomo, kimya. Akiletewa chakula, anatikisa kichwa.

"Uchungu umemufunga mudomo," wamama wakanong'ona.

Katekista akamtolea mfano: "Mutazame mutu anayelia na roho."

Nikaenda nikamkumbatia, nikalia naye. Machozi ya kweli, nataka mujue.

Muzee akaletwa. Jeneza likafunguliwa ili tumuage. Na muzee alikuwa anacheka! Mutu ambaye hata kwenye picha ya ndoa yake amekunja uso, leo meno yote nje.

"Ameona malaika," mama mmoja akasema.

Wakampisha Koko Masika. Akainama. Akatazama. Akainama zaidi. Kisha akaondoa kitenge mdomoni, akapaza sauti: "Meno yangu!"

Sasa, "meno yangu" ikitoka katika mdomo usio na jino, haitoki vizuri. Wamama walisikia "Mwenzangu!" Wakaipokea papo hapo, na sauti ya pili juu: "Mwenzangu weee! Mwenzangu umeniacha!" Ngoma ikaanza. Koko Masika akazidi kupiga kelele, wao wakazidi kuitikia. Ilibidi anyooshe kidole mpaka karibu na pua ya marehemu ndipo uwanja wote ukanyamaza.

"Kavira," Tanti akasema polepole, "ulichukua kikombe gani?"

"Ya dirishani."

"Ya muzee iko ndani ya kabati."

Padiri akatazama viatu vyake. Papa wa morgi, aliyekuja na jeneza, akatuarifu kwa heshima kwamba taya limeshafungwa kabisa, kulifungua ni kurudi naye kule. Wote wakamgeukia Koko Masika. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujizika, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Koko akamtazama kaka yake.

"Tukiwa watoto alikuwa ananinyang'anya mihogo," akasema. "Leo amebeba na meno. Mumuache nayo. Munipe yake."

Kikombe cha kabatini kikaletwa. Akayasuuza, akayavaa, akageuka kwetu.

Jamani. Taya lile lile, mashavu yale yale. Muzee mwenyewe, amevaa kitenge! Watoto wakakimbia. Na mke wa muzee, ambaye tangu kifo hakuwa ametoa chozi, akamshika usoni kwa mikono miwili, akalia mpaka nasi tukalia. Halafu Koko Masika akaongoza rozari yote, bila kukatiza, ila kwenye kila "Salamu Maria" meno yalikuwa yanagonga kama mlango mbovu.

Sasa niko jikoni nasugua masufuria. Hakuna aliyenituma. Naogopa kutoka.

Tafadhali, mutu asicheke. Na kama inakushinda kabisa, cheka umefunga mdomo. Kwetu leo hakuna anayetaka kuona meno.