Nyuzi Nne Nyekundu

Jumamosi, 9 Rajabu, Baghdadi
Nimemaliza chuo cha Kurani. Mama anasema nichague: kujifunza muziki kwa Bibi Shuhda, au kusokota pamba na shangazi. Shangazi huanza kuongea alfajiri. Kwa Bibi Shuhda kuna nafasi moja tu. Atatusikiliza sisi tunaoitaka Alhamisi, yeye akiwa nyuma ya pazia. Pazia ni rehema. Mtu akinitazama, vidole vyangu hufa ganzi.

Tatizo ni binamu yangu Raita. Anapiga udi tangu ana miaka saba. Mimi tangu majira ya baridi. Leo amepita kuniuliza kama shangazi keshanitengea mkeka.

Jumapili, 10 Rajabu
Nimefikiri. Nyuzi nne za udi hutiwa rangi kufuata maji manne ya mwili. Ya njano ni nyongo, nyekundu ni damu, nyeupe ni kohozi, nyeusi ni huzuni. Damu ndiyo huleta furaha. Kwa nini nimpelekee Bibi kohozi? Zote zitakuwa nyekundu.

Jumatano, 13 Rajabu
Nimeona haya kumwendea mtia rangi. Siku tatu zimepita hivyo. Leo nimezichemsha nyuzi mwenyewe na rangi kwenye sufuria ya mama. Jioni ameuliza mbona dengu ni nyekundu. Nimesema ni za aina mpya. Akajiongezea sahani ya pili.

Alhamisi, 14 Rajabu
Hariri ya nyuzi ilikuwa bado na maji. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, nyuzi zikalegea. Nikakaza. Zikalegea tena. Na kwa rangi moja, sikujua upi ni upi. Nikakaza usiohusika, ukakatika. Bibi akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu, unapiga udi au unaanika nguo?" Wasichana wote wakacheka. Raita alicheka mpaka akakaa chini. Nafasi kapewa yeye.

Nilipokuwa natoka, Bibi akanitumia neno: mkono wangu si mbaya. Katikati ya Shaabani atasikiliza tena. Nirudishe nyuzi za kawaida, nipige wimbo mmoja kila siku, basi.

Ijumaa, 15 Rajabu
Wimbo mmoja, siku thelathini. Sioni mtu atafika wapi kwa njia hiyo.

Muuza maziwa anasema Bibi Shuhda hulia akisikia njiwa. Nimenunua wawili. Nitawaficha ndani ya ushungi wangu, walie nikifika ubeti wa pili. Tumeanza mazoezi leo. Mmoja amenidonoa sikio mara tatu, kwa mapigo sawasawa kabisa. Nadhani ana kipaji.