Njia Niliyomchorea Jovin

Jumatatu, 6 Agosti 2001. Mkuu, Rombo

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Jovin amelala mdomo wazi. Hata koo lake ni zuri. Jana tulipanda kutoka chumba chetu cha Njoro, Moshi, kuja kwa mama yake, maana maisha yetu yanaamuliwa wiki hii.

Jambo lenyewe ni hili. Shemeji Emilian, kaka yake, anataka waende wote Mererani kuchimba tanzanaiti. Wanaondoka Jumatano ya wiki ijayo, baada ya misa ya Kupalizwa Bikira Maria. Ameshampa Jovin tochi ya kufunga kichwani. Nimeiona. Nimeichukia. Mume wa siku ishirini na tatu ashushwe kwa kamba chini ya ardhi! Mwaka jana walikwenda vijana wawili wa hapa jirani. Amerudi mmoja.

Lakini mimi nina akili. Bwana Theodory, mwenye ofisi ya utalii pale Moshi mjini, anatafuta njia ya baiskeli kwa wazungu wasiotaka kupanda mlima kwa miguu. Iwe ya vumbi na changarawe, yenye msitu, migomba na mawe ya volkano. Jumamosi analeta Waholanzi wawili kuijaribu. Wakiipenda, Jovin ni kiongozi wao msimu mzima. Wasipoipenda, tochi.

Njia nimeichora mimi. Kutoka Mkuu kwenda Mwika kwa juu, ukingoni mwa msitu. Nilipata C ya Jiografia. Nimeipima kwa uzi kwenye ramani: sentimita saba. Hakuna kitu!

Jumanne, 7 Agosti

Tumeijaribu. Baiskeli ni ile nyeusi, nzito, ya kubebea ndizi. Jovin mbele, mimi kwenye karia, mikono kiunoni kwake. Mahaba!

Nimekulia Arusha Chini, kwenye miwa, ambako wazazi wangu walikuja kutoka Singida kutafuta kazi. Kule ukiweka mpira chini unakusubiri palepale. Sikujua kwamba sentimita saba zinaweza kusimama wima.

Kupanda tulisukuma. Kilima cha tatu kina shimo kileleni kama bakuli. Nikamweleza Jovin kuwa hiyo ni volkano iliyozimika. Alikuwa anatafuta pumzi.

Kushuka, raba za breki zilinuka, kisha zikaisha. Jovin akafunga breki kwa ndala. Ndala ikaisha. Akafunga kwa mguu. Ukucha wa kidole gumba umebaki kule kwenye changarawe. Hakulia! Mwanamume gani huyu niliyepewa na Mungu?

Mama mkwe alipouona ule mguu, akaniuliza kama Emilian ndiye aliyenituma. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 9 Agosti

Tatizo. Ujumbe wa Bwana Theodory umeletwa na dereva: Waholanzi hupenda kutangulia peke yao, kwa hiyo kila njia panda iwe na alama.

Njia panda huku hazihesabiki. Kila nyumba tatu kuna kichochoro, na kila kichochoro kina migomba, kahawa na mfongo, yaani mfereji wa maji uliochimbwa na wazee. Jovin mwenyewe alipotea juzi mara mbili, naye amezaliwa hapa. Rangi hatuna. Emilian akasema nibandike picha za harusi yangu, wazungu watakimbia upande unaotakiwa. Kila asubuhi ananisalimu: za leo, Mwalimu wa Jiografia.

Nikatoka nje nikiwa na hasira. Na hapo nikayaona. Masale!

Ni ile mimea yenye majani marefu ya kijani. Imesimama mstari mmoja kati ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, na cha Mzee Melkior, jirani. Arobaini na moja. Haizai matunda. Hata mbuzi hawaigusi. Imekaa bure tu! Nami naijua maana yake. Wajomba zake Jovin walipochelewa kuja kuposa, walimletea baba yangu jani la sale lililofungwa fundo, na baba akalainika hapohapo. Ni mmea wa mapenzi. Kuna alama gani nzuri kuliko hiyo?

Sijamwambia Jovin. Itakuwa zawadi.

Ijumaa, 10 Agosti

Kazi imekwisha! Jovin alikwenda dukani kutafuta raba za breki, mama mkwe sokoni. Nimeng'oa yote arobaini na moja. Nimeyafunga kwenye karia, nikasukuma, nikayapanda kwenye kila njia panda. Pale njia inapokata katikati ya vihamba vya watu nimepanda mstari mzima, ili Mholanzi asipate wasiwasi.

Bibi mmoja aliniona nikichimbia sale mbele ya kahawa yake. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akaweka mkono mdomoni, akakimbilia ndani. Wengine uzuri huwazidi nguvu.

Jumamosi, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Waholanzi walikuja, mke na mume, wapole, baiskeli zina gia ishirini na moja. Bwana Theodory nyuma na pikapu. Kilomita ya kwanza ilikuwa ndoto. Jovin mbele na mguu wenye bandeji, akionyesha mlima. Mimi nilikaa ndani ya pikapu, sehemu ya mizigo, nikilia kwa furaha.

Njia panda ya tatu kulikuwa na watu kama kumi na watano. Mapanga. Majembe. Kila mmoja ameamka akakuta kihamba chake kina mpaka mpya.

Kumbe sale ndiyo mpaka! Huku halipandwi hivihivi. Likisimama, limekata ardhi. Yule bibi alikuwa anapiga kelele kwamba ukoo wa Jovin umemnyang'anya kahawa yake mchana kweupe. Wenye hasira zaidi hawakung'oa masale yangu. Waliyahamisha tu, kila mmoja akiyasogeza kwa jirani asiyempenda. Ndugu wawili waliopatana Pasaka walikuwa wamekamatana mashati.

Jovin aliposimama kuwatuliza watu, Waholanzi, kama walivyoagizwa, walitangulia wakifuata masale. Masale yaliwapeleka kwenye mfongo, kisha kwenye zizi la fahali. Mume tulimtoa kwa kamba. Mke akauliza kwa upole kama hapo ndipo safari inapoishia.

Bwana Theodory akapakia baiskeli. Kabla ya kuwasha gari akauliza ni nani aliyechagua alama. Jovin akasema: mimi.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mzee Melkior alikuwa amesimama kwenye mashimo arobaini na moja, ana kamba na vijiti. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri sana. Akasema kwa kuwa mpaka umeondolewa na wenyewe, itabidi apime kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yake inapita mistari sita ya kahawa upande wetu. Aliyepanda naye masale yale mwaka 1974, baada ya ugomvi wa miaka minane, ni baba yake Jovin. Naye amelala pale kwenye migomba, hawezi kusema kitu.

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya misa, kikao cha wazee. Wakauliza ni nani aliyeng'oa. Emilian akanitazama. Mama mkwe akanitazama. Nikafungua mdomo.

Jovin akasimama kwanza. Akasema ni yeye.

Wazee walimzomea, mtoto aliyeng'oa sale la baba yake. Mmoja akamwambia asimkaribie ng'ombe wake, asije akamwambukiza laana. Hukumu: mbuzi, pombe ya mbege, jani la sale la kuomba radhi, na mistari sita iende kwa Melkior. Mistari hiyo ndiyo aliyopewa Jovin. Hapo ndipo tungejenga.

Jinsi anavyonipenda! Nani mwingine angeaibishwa hivyo kwa ajili ya mke wa siku ishirini na tisa?

Jioni mama mkwe akaniambia taratibu kwamba ameona ukame, ameona magonjwa ya kahawa, ameona bei ikianguka, na hakuna kilichowahi kumchukulia hata mstari mmoja. Mimi nimechukua sita kwa asubuhi moja. Kisha akanipa bakuli la mtori wa ndizi, maana sikuwa nimekula. Nikala wote. Ulikuwa mtamu.

Jumatano, 15 Agosti

Misa ya Kupalizwa. Emilian na mkoba. Jovin na mkoba. Amevaa buti juu ya kile kidole, nikaona uso wake ulivyokunjamana.

Nilikimbia kando ya gari nikimwambia nimeshapata wazo jingine. Akashusha kioo. Akasema: Martha, usipange kitu. Tafadhali. Akapandisha kioo, akageukia upande wa pili.

Hakutaka nione machozi yake. Namjua.

Jumamosi, 25 Agosti. Njoro

Chumba ni kikubwa siku hizi. Nalala upande wake.

Ujumbe kutoka kwa Emilian, umeletwa na mtu: Jovin amewekwa kwenye shimo refu kuliko yote kwa sababu ni mwembamba, anapita pasipopita wengine. Siku mbili mbili haoni jua. Anakohoa. Yeye mwenyewe hajaandika. Kule karatasi itatoka wapi? Lazima ananiwaza mno.

Nimefungua ramani. Moshi mpaka Mererani, sentimita kumi, na safari hii nimeuliza: tambarare! Vumbi, changarawe, mlima unauona wote nyuma yako. Watalii wataendesha mpaka machimboni, watapumzika saa moja, na mimi nitamwona mume wangu kila Jumamosi akitoka kuvuta hewa. Akiona jinsi kazi inavyokwenda, ataacha shimo mwenyewe. Nimemwandikia Bwana Theodory barua tatu. Hajajibu. Anatafakari.

Imebaki alama tu. Leo nimetembea kando ya reli kuelekea magharibi, na Mungu ni mwema. Kuna mawe meupe kati ya reli na mashamba ya watu, yana namba, yamechimbiwa kwa nafasi sawa hadi macho yanapoishia. Hakuna anayeyatumia.

Nimelitikisa la kwanza. Linacheza.